Aliyekwama Upande wa Adui

Miaka ya 2000, kabla simu ya mkononi haijaifanya sinema kuwa kitu cha kiganjani, miji midogo ya njia kuu ya Tanga na Segera ilikuwa na vibanda vyake vya video, na Hale ni miongoni mwa miji hiyo. Mabenchi machache, turubai la kuzuia mwanga, televisheni moja juu ya kabati, na ubao wa chaki mlangoni ulioandikwa jina la sinema ya jioni. Aghalabu sinema hiyo ilikuwa ya vita. Na katika sinema za vita ipo aina moja iliyopendwa kupita zote: askari wachache wamekatiwa njia upande wa adui, chakula kimekwisha, redio imevunjika, na huko kambini wakubwa wanabishana iwapo wapelekewe msaada au waachwe wafe. Ile ya mwaka 2001, ya rubani wa Kimarekani aliyetunguliwa juu ya Bosnia, ambayo ilipigwa Slovakia, ni mfano wa wazi. Mtazamaji alimfuata rubani yule kwa sauti ya DJ wa kutafsiri, Lufufu au mwenzake, aliyemfanya Mmarekani azungumze Kiswahili cha Dar es Salaam, akamtania, akamwonya, na pale maneno ya asili yalipomchosha akamtungia mengine.

Hapana ubaya katika hilo. Kwa hakika wale wasimulizi wa vibandani walifanya kazi ya ufasiri kwa ujasiri ambao wafasiri wa vitabu wengi hawana, na siku itakapoandikwa tarehe ya ufasiri wa Kiswahili bila ya kiburi, majina yao yatastahili ukurasa. Ubaya umo mahali pengine. Kijana wa mashamba ya mkonge aliyelipa kiingilio ili amwone Mmarekani akikwama Bosnia alikuwa amekaa juu ya ardhi ambayo kisa cha namna hiyo kilitokea kwa kweli, kwa damu na kiu na homa, na hapakuwa na mtu aliyemwambia. Shule haikumwambia. Sinema haikumwambia. Wala, na hapa ndipo penye lawama ya makala haya, washairi hawakumwambia.

Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka likiufuata mto Pangani na reli ya Usambara. Juni ilipoanza lilikuwa limefika Mombo; katikati ya mwezi huo likaingia Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Tanga ilitwaliwa Julai. Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck hawakusimama kupigana vita vya mwisho. Walirudi kusini kwa njia ya Handeni, ambako walikwisha kutandika reli nyembamba kutoka Mombo, ya vigari vinavyosukumwa kwa mikono. Nyuma yao wakaacha vikosi vidogo vya kuvizia, kung'oa reli na kukata nyaya za simu. Pembe ile ya nchi, kati ya Korogwe, Hale na bahari, ikawa kwa majuma kadhaa mahali ambapo askari huamka alfajiri asijue aliyelala ng'ambo ya korongo ni wa upande gani. Tarehe 24 Juni majeshi yalikutana Lukigura, kusini ya Handeni. Kisha Waingereza wakakwama Msiha, nao wakawa ndio waliokatika: farasi wameuawa na mbung'o, watu wameangushwa na malaria, shehena hazifiki, na juu ya vichwa vyao mizinga inanguruma kutwa.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuijua mizinga hiyo, maana iliwahi kunguruma mlangoni pake. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja ikaipiga manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani, na wageni hupelekwa kuyatazama pamoja na popo na paa. Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikavutwa bara. Ikavutwa, ndivyo vitabu visemavyo; kitenzi cha kutendwa kinachomfichia mtendaji uso. Chuma chote kile kilipita kinamasi, mchanga na milima kwa mabega ya watu, na watu hao walikuwa na majina na mama zao.

Sasa itazamwe jinsi sinema ilivyoyapokea haya. Mwaka 1951 ilitoka *The African Queen*, iliyopigwa sehemu katika Kongo na Uganda. Kijiji kinachomwa moto katika dakika za mwanzo, wanakijiji wanaswagwa kama mbuzi, halafu hawaonekani tena. Hakuna anayeuliza walipelekwa wapi. Sinema nzima iliyobaki ni ya Wazungu wawili ndani ya mashua, wanateremka mto katika nchi ya adui, wanagombana, wanapendana. Ni sinema nzuri. Humphrey Bogart aliipatia tuzo ya Oscar na alistahili. Lakini kile kijiji? Mwaka 1976 ikaja *Shout at the Devil*, kutoka katika riwaya ya Wilbur Smith, iliyokiazima kisa cha manowari ya Rufiji na kukigeuza mchezo. Waliocheza ni Lee Marvin na Roger Moore, na upigaji wake ulifanyika Afrika Kusini na Malta. Humo shujaa anapotaka kupenya hadi ndani ya manowari ya adui, anajipaka rangi nyeusi mwilini na kujifanya mpagazi. Pengine hii ndiyo picha iliyo kweli kuliko zote katika mlolongo huo, ingawa waliotengeneza hawakukusudia: ili mpagazi apate kuwa mtu ndani ya sinema, sharti kwanza awe Mzungu aliyejipaka masizi.

Lakini iliyo karibu zaidi na jambo hili ni ya zamani kuliko hizo mbili. Mwaka 1934, Hitler akiwa amekwisha kushika madaraka, Herbert Selpin alitengeneza Ujerumani sinema iitwayo *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika*, yaani Wapanda Farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mkulima wa Kijerumani ana shamba. Jirani na rafiki yake ni Mwingereza. Vita vya 1914 vinawatenga. Waingereza wanalitwaa shamba, na kikosi cha mkulima kinabaki kimejificha porini katika nchi iliyokwisha kuwa ya adui, kinakufa kwa kiu, na mke wa mkulima anawapelekea maji kwa siri. Sinema ilikuwa dai la kisiasa lililovalishwa kofia ya jua: turudishieni makoloni yetu. Hata hivyo vita vipya vilipoanza mwaka 1939 Wanazi wenyewe waliipiga marufuku, kwa kuwa Mwingereza wa ndani yake alikuwa mwungwana kupita kiasi. Na vita vilipokwisha mwaka 1945 washindi nao wakaipiga marufuku, kwa kuwa ilitukuza uaskari. Ni nadra kazi ya sanaa kuwachukiza wote wawili.

Hao wanaokufa kwa kiu porini ndio wanaotakiwa kuhurumiwa. Shamba ni lao, huzuni ni yao, jua la Afrika linawachoma wao. Mtu wa bonde la Pangani akiitazama atacheka, ikiwa hatalia. Nchi yake ndiyo iliyo na mto unaoendesha mitambo ya umeme ya Hale tangu mwaka 1964, megawati 21. Na mkonge anaoukata ulianza kwa vipando 62 vilivyosalimika kati ya 1,000 ambavyo Dakta Hindorf aliagiza mwaka 1893, ukaenea juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa kama inauzwa. Shamba lile la sinema ni la nani? Na ndoo ya maji aliyopeleka bibi, katika maisha yasiyo ya sinema, ingebebwa na nani?

Ndani ya sinema hiyo, ukingoni mwa picha, yupo mtu ambaye jawabu lote limo katika mwili wake. Amevaa sare ya askari na ameitwa Mustapha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani mwenye cheo, na vita vilipozuka mtoto wa miaka kumi akaandikwa jeshini pamoja na baba, afunzwe kupeleka ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, katika pigano lililokuwa baya kuliko yote ya vita vile katika nchi hii, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin na shughuli moja iliyo wazi: kudai mishahara ya baba yake na yake mwenyewe, ambayo Dola la Kijerumani halikuwalipa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa.

Hakurudi. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, nyumba kubwa ya starehe mjini Berlin. Alioa, akapata watoto. Na tangu mwanzo wa miaka ya 1930 alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, akiwafunza maofisa na wasomi matamshi ya lugha ya mama yake. Mwaka 1934, mwaka ule ule wa sinema, aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele iliyokuwa ikitolewa kwa kila Mjerumani aliyepigana vita vya 1914. Akanyimwa. Basi sinema ilimpa alichonyimwa na serikali: sare, na nafasi ya kuwa tena yule mtoto wa ishara, akiwa na miaka thelathini, chini ya taa za studio. Alicheza katika sinema zinazozidi ishirini, karibu zote katika nafasi ya mtumishi, mbeba mizigo, mpokea amri. Ya mwisho ilikuwa *Carl Peters* ya mwaka 1941, ya Selpin huyo huyo, ya kumsifu mtu ambaye pwani na bara walimwita Mkono wa Damu. Msomaji na akae na jambo hilo kidogo: mwana wa Dar es Salaam, mwalimu wa Kiswahili, anasimama nyuma ya mwigizaji anayemcheza Carl Peters, na anashika alichoambiwa ashike.

Mwaka huo huo Gestapo walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakupelekwa mahakamani. Walimtia katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Huyu ndiye aliyekwama upande wa adui. Miaka kumi na mitano alikaa katika nchi ambayo ilimwona kuwa wake alipobeba bunduki yake na kuwa mgeni alipodai ujira wake, na hakuna ndege iliyotumwa kumwokoa, wala wakubwa waliobishana juu yake kambini. Rubani wa Bosnia alikwama siku chache, naye dunia nzima inamjua.

Inapofika hapa husikika sauti ya kupinga, na ni sauti ya heshima, hivyo ijibiwe. Husemwa: askari wale walikuwa waaminifu, walijivunia uaskari wao, na si haki kuwafanya mateka kwa fikra za leo. Katika vitabu vya Kizungu kuna kisa kipendwacho mno juu ya hili. Mwaka 1964, mwaka aliokufa von Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliosalia mishahara ile ya kale. Mhasibu akaketi Mwanza, wazee wapatao 350 wakaja, wengi wao hawana hata kipande cha karatasi. Ndipo kila mmoja akapewa ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Wasimulizi wa kisa hiki hutoa machozi. Wanaona uaminifu.

Lakini kisa hicho kinaweza kusomwa kwa jicho jingine. Wazee wa miaka sabini, waliodaiwa ushahidi wa deni ambalo mdaiwa mwenyewe ndiye aliyekuwa na daftari, wanasimama juani na mafagio mabegani ili waaminiwe. Waliambiwa wasubiri tangu 1918 na wakasubiri miaka arubaini na sita. Mahjub bin Adam aliyewatangulia kudai aliambiwa mwaka 1929 kwamba amechelewa. Hawa wa Mwanza, waliokuja miaka thelathini na mitano baada yake, hawakuchelewa. Tofauti ni kwamba safari hii mlipaji alikuwa na haja ya kuonekana mwema. Walijivunia uaskari wao, ndiyo; mtu hujivunia alichopewa, na hawakupewa kingine. Wala askari hawakuwa malaika. Vijiji vingi vilivyochomwa na ghala nyingi zilizokombwa zilikombwa na mikono yao. Mshairi anayetaka kuwafanya mashujaa watupu atakuwa ameipiga upya sinema ile ile ya Berlin, akibadilisha rangi za nyuso tu.

Na nyuma ya askari wako wengi zaidi ambao hata sare hawakuipata. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja, na waliokufa, kwa hesabu zilizoandikwa tu, wanazidi 90,000; wengi wao waliuawa na kuharisha, njaa na homa kuliko risasi. Wajerumani hawakuweka hesabu ya maana. Kijiji cha bonde la Pangani kilitoa wapagazi kwa Mjerumani hadi Juni 1916, na kuanzia hapo kikatoa kwa Mwingereza. Mto ule ule, mzigo ule ule, lugha ya matusi ndiyo iliyobadilika. Kwa mtu wa Hale pande zote mbili zilikuwa upande wa adui, naye alikuwa katikati, nyumbani kwake. Hapo ndipo neno hili la kukwama linapopata maana ambayo watunga sinema hawajawahi kuifikiria. Wao hujua kwamba aliyekwama ni mtu aliyekuja kutoka kwingine na anatamani kurudi kwao. Aliyekwama kwao atarudi wapi?

Dar es Salaam iliwapa wapagazi hao jina la soko: Kariakoo, kutokana na kambi ya kikosi chao. Askari walipata sanamu mwaka 1927, pale ilipokuwapo zamani sanamu ya Wissmann. Maandishi ya sanamu hiyo yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Ya Kiswahili ni tafsiri. Hata tanzia ya wafu wake, basi, Mswahili aliipokea kutoka kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana lawama haiwezi kuishia Hollywood wala Berlin. Watunga sinema wa huko walipiga picha ya kile walichokipenda, ambacho ni nafsi zao, na hakuna sheria inayowalazimisha kumpenda mpagazi. Swali ni nini walichofanya wenye wafu. Na swali hili ni zito kwa kuwa lugha hii haikuwa bubu mbele ya vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, wa mwaka 1307 wa Hijra, mara tu baada ya mambo yenyewe kutokea, wakati bendera mpya bado haijapauka jua. Humo wamo Abushiri na mwenzake na hasimu wao, kwa majina. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Majimaji, na mwaka 1933 ukachapishwa Berlin katika jarida la chuo kile kile alichofundisha Mahjub bin Adam. Wazee hawa hawakungoja nyaraka zifunguliwe. Waliona, wakauliza, wakatia vina.

Kisha ikaja 1914, na kalamu ikanyamaza, au ilinong'ona kwa sauti isiyowafikia wasomaji. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kando ya Tanga, mwaka 1909. Alikuwa na miaka mitano Waingereza waliposhuka Tanga Novemba 1914 na kutimuliwa kwa risasi na nyuki; alikuwa na saba reli ya Usambara ilipobadilisha wenyewe. Baadaye alifanya kazi ya forodha Pangani kwa miaka mingi, kwenye mlango wa bahari wa mto huo huo unaopita Hale. Mtu huyu, asiye na mfano katika ushairi wa karne yake, alitunga *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, beti zinazokaribia 3,000, juu ya vita vya 1939 hadi 1945: Hitler, Mussolini, Ulaya na bahari zake. Aliijaza dunia nzima ndani ya mizani nane. Lakini vita vilivyopita mbele ya mlango wa utoto wake havikupata kwake utenzi. Kusema hivi si kumvunjia heshima mzee. Aliandika chini ya serikali iliyokuwa na masikio, na vita alivyovichagua alivichagua kwa imani yake. Bali ni kusema kwamba pengo lipo hata mahali penye kimo kirefu kuliko vyote, na kwamba waliokuja baada yake walikuwa na fursa ya kuliziba bila ya hofu aliyokuwa nayo, wakashughulika na mambo mengine. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa ya maana. Mengi yalikuwa mashairi ya kumpongeza mheshimiwa kwa kufungua kisima.

Aliyekuja kulijaza pengo hilo ni mwana wa Unguja, tena amelijaza vizuri mno. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupata Nobel mwaka 2021, aliandika *Afterlives*, iliyotoka 2020. Humo yumo askari kijana anayerudi kutoka vitani na jeraha na bila ya neno la kulieleza. Na yumo mwingine, Ilyas, anayeishia Ujerumani na kufa katika kambi ya Sachsenhausen. Anayejua habari za Mahjub bin Adam atamtambua hapo bila ya kuambiwa. Lakini aliiandika kwa Kiingereza, na msomaji wa kwanza wa kisa hicho alikuwa London. Gurnah hana kosa. Kila mwandishi huandika kwa lugha iliyomfungukia. Riwaya yake nyingine, *Paradise*, ambayo mwisho wake ni kijana kuwakimbilia askari wa Kijerumani, ilitoka 1994 na ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi* mwaka 2022. Miaka ishirini na minane, na ilibidi Stockholm ipige kengele kwanza. Lugha yenye wasemaji wengi namna hii, yenye vyuo na mabaraza na makongamano ya kila mwaka, ilimwacha mwanawe kwa miaka ishirini na minane upande wa pili wa mto bila ya kumpelekea hata mtumbwi.

Wapo pia wanaosema kwamba ushairi si gazeti, kwamba utenzi wa vita ni kitu cha wazee, na kwamba anayetaka habari za 1916 akasome tarehe. Hoja hii hutolewa zaidi na wale ambao hawajausoma utenzi wa Hemedi hata mara moja hadi mwisho. Utenzi ulibuniwa kwa kazi hii. Mizani nane ni pumzi ya mtu anayetembea na mzigo. Vina vitatu vinakwenda pamoja na cha nne kinarudi nyumbani, beti hata beti, maelfu. Hakuna chombo kilichofanana zaidi na safu ya wapagazi. Tena ni chombo kisichohitaji fedha. Sinema ya vita inataka ndege, baruti na mamilioni, na ndiyo sababu anayeipiga humpiga yule ambaye mamilioni yake yatarudi. Utenzi unataka daftari la kurasa mia, na mtu aliye tayari kukaa Hale miezi miwili, kisha Korogwe, kisha Handeni, akiuliza wajukuu: babu yenu alichukuliwa mwezi gani, alibeba nini, alirudi na nani. Wajukuu wenyewe sasa ni wazee. Kila masika wanapungua, na anayetaka kusubiri mpaka chuo kimpe ruzuku atawakuta makaburini.

Eva Knopf, Mjerumani, alitengeneza mwaka 2013 filamu juu ya Mahjub bin Adam, *Majubs Reise*, yaani Safari ya Majubu. Alizichambua sinema za zamani, akamtafuta mtu mmoja katika kingo za picha, nyuma ya mabega ya nyota wa wakati ule, na kila alipompata akampa muda. Mbele ya nyumba aliyokaa Berlin pana jiwe dogo la shaba lenye jina lake, lililotiwa njiani mwaka 2007. Dar es Salaam alikozaliwa haina jiwe hilo. Filamu ile haihitaji kupigwa upya wala kuombewa fedha za serikali. Inahitaji sauti ya Kiswahili juu yake, sauti ya mtu wa kazi, wa wale waliomfanya rubani wa Bosnia azungumze kama kijana wa Kariakoo. Ikishatiwa sauti, ionyeshwe kwanza Hale, jioni, baada ya kazi ya mkonge, na kiingilio kiwe kile kile cha siku zote.